Risala Iliyobaki Kwenye Kitenge

Kwa miaka kumi na minane, kila mgeni mwenye cheo aliyefika kijijini kwetu alisomewa risala, na msomaji nilikuwa mimi. Niliiandika kwa mkono wangu, kurasa nne: shukrani, historia ya kijiji, mafanikio, matatizo, halafu maombi mwishoni kabisa. Watu walipiga makofi. Mgeni mmoja aliwahi kusinzia, lakini nilijua ni uchovu wa barabara.

Mwezi wa kumi mwaka jana, mtendaji wetu wa kijiji, Limbu, alikuja nyumbani kwangu. Alikaa ukingoni mwa kiti, nikajua ana jambo.

"Bibi Recheli, Mkurugenzi wa halmashauri atapita Alhamisi akielekea Ulyankulu. Atasimama dakika kumi tu. Amesema hataki risala, anataka kuelezwa kwa mdomo. Kamati imeona azungumze Mama Spesioza."

"Spesioza yupi?"

"Wifi yako, Bibi. Yuko mmoja tu."

Spesioza ni dada wa marehemu mume wangu, Gervasi. Alikuwa mhudumu katika ofisi moja Tabora mjini kwa miaka ishirini, akipeleka chai kwenye vikao vya wakubwa. Wakati huo alikuwa amerudi juzi juzi tu. Nikajiuliza, mpeleka chai atasema nini mbele ya Mkurugenzi?

Tena jambo lenyewe halikuwa dogo. Lilikuwa boma la wodi ya wazazi. Tulifyatua matofali wenyewe, tukapandisha kuta, likabaki bila bati. Kama mvua zingelikuta wazi, kuta zingeanguka. Na mjukuu wangu Apolinaria alikuwa na mimba ya miezi saba. Kituo cha afya kiko kilomita kumi na tisa, na korongo likijaa hata pikipiki haipiti.

Jumatano jioni Spesioza alinijia na bakuli la matobolwa, viazi vile vya kukausha, kwa kuwa anajua navipenda. Hajawahi kuja kwangu mikono mitupu, hilo siwezi kumnyima.

"Wifi," akasema, "wewe ndiye unayeandika kila kitu hapa. Tangu Januari, wangapi wamejifungulia njiani?"

Daftari lenye majina yao lilikuwa chini ya mto wa kiti nilichokalia.

"Sikumbuki," nikasema, huku natafuna viazi vyake.

"Hata kwa kukisia?"

"Kukisia ni mambo yenu ya mjini. Sisi huku hatukisii."

Akacheka. "Haya, mwenye kijiji chako! Basi kesho vaa kile kitenge cha kijani, kinakupendeza."

Alipoondoka niliona aibu, lakini wivu ulikuwa mkubwa kuliko aibu. Nikapiga pasi kitenge cha kijani. Risala nilikuwa nimeshaiandika. Nilijiambia: atakwama, kisha wataniita mimi.

Alhamisi nikaifutika kiunoni pamoja na daftari. Mkurugenzi akashuka garini, umri wake kama wa kitinda mimba wangu. "Shikamooni, mama zangu." Tukaitikia marahaba. Spesioza akasimama kando ya boma, mkononi hana hata karatasi. Nikangoja ashukuru. Hakushukuru.

"Mkurugenzi, tunaomba bati mia moja na ishirini za kuezeka boma hili kabla ya mvua za Novemba. Kuta tumejenga wenyewe. Mbao tunazo, mafundi tunao. Ukikubali leo, bati zikifika tu tunaezeka."

Akanyamaza. Hata dakika moja haijaisha! Ndiyo nini? Hakusema kijiji kilianza lini wala nani alikianzisha. Lakini nikamwona yule bwana ameinua macho, anazitazama kuta. Miaka yote ile nilipokuwa nasoma, wageni walitazama karatasi yangu, kuona kurasa ngapi zimebaki.

"Kwa nini hapa, na si kijiji kingine?" akauliza.

"Kwa sababu wapo waliojifungulia njiani mwaka huu. Idadi yao sinayo, sitaki kukudanganya. Anayeijua ni wifi yangu, Mama Recheli, yule wa kitenge cha kijani."

Vichwa vyote vikanigeukia. Nikasimama. Mkono ulipoingia kiunoni ulikuta risala kwanza, na mdomo ukaanza wenyewe: "Ndugu mgeni rasmi, awali ya yote…" Hapo nikamwona Apolinaria, ameegemea ukuta, ameshika kiuno. Nikaiacha risala mahali pake, nikatoa daftari.

"Kumi na moja," nikasema. "Watatu kati yao ni pale korongoni. Watoto wawili tuliwazika. Huyu mjukuu wangu ni wa Desemba."

Mkurugenzi akaliomba daftari, akalisoma amesimama, jina kwa jina. Kisha akamwambia Limbu, "Bati zipo stoo. Lete barua kesho asubuhi, Jumatatu lori litakuja."

Akaniaga kwa mkono mmoja. Mkono wa Spesioza aliushika kwa mikono miwili, akamwambia, "Mama, umenieleza vizuri sana."

Tukarudi nyumbani pamoja, mimi na Spesioza.

"Wifi, jana nilikudanganya. Daftari nilikuwa nalo."

"Najua. Lilikuwa linachungulia chini ya mto."

"Mbona hukuniuliza tena?"

"Nikunyang'anye ya nini? Ofisini nilikuwa namimina chai huku nasikiliza. Mkubwa ukimmwagia yote, anasahau yote. Mwachie swali aulize mwenyewe, na mwenye jibu awe karibu. Ndiyo maana nikakwambia uvae cha kijani."

Kumbe hata uongo wangu alikuwa ameupangia kazi. Nilimshukuru, na kwa moyo. Lakini wivu ukanirudia upya, tena wenye nguvu.

Bati zilifika Jumatatu, mafundi wakaliezeka boma. Desemba Apolinaria alijifungulia humo, mtoto wa kike. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kishindo, nami nilikuwa mlangoni nimetega sikio kwa bidii, nikitaka niwe wa kwanza kumsikia akilia.

Aliyemsikia kwanza ni Spesioza, aliyekuwa nyuma yangu akimimina chai.