Kiti cha Mkaguzi

Kabla wakaguzi hawajafika, Floribert aliweka kiti kitupu kwenye meza ya chakula, akawaamuru watoto wakiamkie.

"Bonjour, monsieur," walikiambia kiti kila asubuhi.

Mwaka ule Wabelgiji walikuwa wakitoa kadi kwa mtu mweusi aliyethibitika kustaarabika, baada ya kukagua nyumba yake hadi chooni. Mwenye kadi hakuchapwa kiboko, wala polisi hawakumfukuza kutoka mtaa wa wazungu baada ya giza. Floribert, karani wa ghala la kahawa, alikwisha kulazwa kifudifudi uani na kuchapwa mbele ya wenzake. Ndiyo maana hakucheka pale mkewe, Adélaïde, alipomtania kwa jina la binti yao: "Papa Virginie, na kukohoa tutakohoa Kifaransa?"

Aliyecheka ni mama yake mzee, aliyetoka kijijini Kabare kuja kuishi nao. "Hao wazungu hawana choo kwao, Cubaka? Wanatoka mbali kuchungulia cha kwetu?"

Cubaka ni jina alilompa kabla padri hajampa lile lingine. Alibaki yeye peke yake kumwita hivyo.

Siku ya ukaguzi ukungu wa ziwa ulikuwa umepanda mtaa wao wa Kadutu hadi madirishani. Mkaguzi alifunua mashuka, akanusa sufuria, akainua uma mmoja kwenye mwanga. Kisha akafungua mlango wa nyuma. Mama mzee alikuwa mkekani, akila bugali kwa mkono.

"Huyu iko nani?"

Floribert alihisi mgongo ukimwasha pale kiboko kilipopita.

"Mutumishi, monsieur."

Mkaguzi aliitikia kwa kichwa, akaenda kutazama choo.

Kadi ilipotoka, Adélaïde alichinja kuku. Mama aliingia na sahani, amefunga aproni, akasimama nyuma ya kiti kitupu.

"Mama, keti tule."

"Non, monsieur."

Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa na joto. Wajukuu walimvuta kitenge, naye akawatabasamia kama watoto wa watu. Tangu hapo alibisha hodi kila mlango wa nyumba ile, wala hakumwita mtu kwa jina. Lakini kilichomtisha Floribert ni sauti yenyewe: laini, tupu, iliyoinama. Aliwahi kuisikia mahali, hakukumbuka wapi.

Alikumbuka ghalani. Msimamizi alimwita, naye akaitika, "Oui, monsieur," kisha akageuka upesi kutazama nyuma, akidhani mama yake amesimama pale.

Mchana huo alirudi nyumbani. Alivua viatu, akatoka kwa mlango wa nyuma, akaketi mkekani kando ya mama yake na kutia mkono katika bakuli lake.

"Mama, ni mimi. Cubaka."

Mama aliutazama ule mkono. Midomo yake ilicheza kidogo, kama ya mtu anayetafuta wimbo uliompotea. Kisha akainuka taratibu, akaingia ndani.

Floribert hakuondoka. Tonge lilikuwa bado la moto kiganjani mwake aliposikia miguu ya kile kiti kitupu ikikwaruza sakafu, ikija: monsieur hakai mkekani.