Saa ya Ng'ambo

...na hicho tena, jamani, ndiyo kwanza kahifadhi na kidirisha kimeshamrukia usoni, Faili hili limebadilishwa na mwingine, je, ulipakie upya, tangu asubuhi wimbo ni huo huo, Atupele akatupa jicho upande wa pili wa meza, na Sylvester yule pale, karani mwenzake, anabofyabofya na mluzi juu, mshenzi, anaingia kwenye kompyuta kuu inayotunza mafaili ya chama cha ushirika, anachokonoa mihtasari yake, halafu eti dada Atupele, nikuletee samaki, mbasa wa ziwani, kutoka Lyulilo, amle mwenyewe na miiba yake, leo kimemfika, jana kamweleza mwenyekiti, mzee Zebedayo, naye kasema nakuja mwenyewe, ukinithibitishia, kiti hicho hakalii tena, kiti cha dirishani, ambacho Atupele ndiye aliyekiomba... na hiyo sauti ya mzee ipo barazani, anasalimiana na wakulima wa kakao, anawashukuru kwa kilugha, ndaga, ndaga fijo, haraka hana, basi ushahidi uwe tayari, akaangalia faili lilibadilishwa lini, saa tatu na dakika kumi, ehee! lakini ukutani ni saa nne na kumi, na saa tatu Sylvester alikuwa bado Makwale, bajaji imemharibikia, kafika na matope hadi magotini, tena Atupele akafurahi moyoni... akaongeza nukta moja, akahifadhi, mkono wake mwenyewe, faili likaandika saa tatu na kumi na moja, ukutani saa nne na kumi na moja, saa nzima kamili, hii si saa ya hapa, hii ni ile ya ng'ambo ya mpaka, ukivuka mto Songwe kwenda kwa shangazi Karonga, wao wako nyuma saa nzima, na kompyuta kuu ilitoka Karonga, mzee kaileta mwenyewe akijigamba, msiiguse, imepangwa kila kitu huko huko... kumbe hakuna mtu, ni mashine mbili zinabishana saa, kidirisha kikadhani kuna mwingine, Sylvester hajagusa kitu, na mbona hapati nafuu, mbona anamchukia zaidi, anamchukia kwa kutokuwa na kosa, na huyo mbasa alikuwa anamletea kwa moyo mweupe...

"Haya, mwanangu Atupele," mzee Zebedayo kasimama mlangoni, wakulima nyuma yake, "ni nani?"

Mluzi umekatika, Sylvester anamtazama, kidirisha bado kinauliza kile kile, na yeye anajua, anajua kabisa, ila kidole chake, ambacho hakukumbuka kukiinua, kilikuwa kimeshaelekea kiti cha dirishani, akakitazama, ni chake, na hakukishusha.