Bado Hajatembea

Kengele ya kutoka ililia na hakuna aliyesimama. Msimamizi alikuwa mlangoni, mikono nyuma.

"Oda haijaisha. Tunabaki."

Kiwanda kilipofunguliwa, kubaki lilikuwa ombi, na waliobaki walipewa chai. Chai ikaondoka, ombi likawa amri, na siku hizi ukikunja sura unaulizwa una shida gani.

Mshona kola alikuwa na shati chini ya sindano, lakini mguu umetoka kwenye pedali. Asubuhi binti yake alisimama bila kushika kitanda, akayumba, akacheka, akakaa chini pwaa. Atatembea leo. Tangu saa hiyo mama mtu anaogopa kuzikosa hatua za kwanza.

"Shona, mwenzangu," alisema mtia vifungo, jirani yake wa mashine. "Wangu alitembea mchana. Yule mama anayetulelea watoto akanificha, jioni akanionyesha kama ndiyo kwanza. Anatufanyia hivyo wote. Anatuonea huruma."

"Ulijuaje?"

"Mtoto alikata kona, dada. Nani anaanza kutembea kwa kukata kona?"

Walicheka chinichini, hadi mtia vifungo akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa.

"Hiyo hofu izoee tu. Itakumaliza."

"Nikiizoea nibaki na nini? Vyangu vyote wameshavichukua. Hii ndiyo inayonikumbusha nina mtu nyumbani."

Akafunika cherehani. Msimamizi akamzibia njia.

"Mtoto anaumwa?"

"Mzima. Anataka kutembea."

"Si atatembea na kesho?"

"Wako ulimwona, bosi?"

Msimamizi akageukia saa ya ukutani. "Ukifukuzwa usije kunililia."

Mshona kola akampita ubavuni.

Mama mlezi alikuwa kibarazani na watoto wa watu. "Afadhali umewahi," alisema, haraka mno. "Bado hajatembea."

Akamsimamisha mtoto. Mtoto akaja akiyumba, akaikwepa ndoo, akaizunguka kandambili iliyolala njiani, akamkumbatia mama yake miguu. Magoti yake yalikuwa na mikwaruzo mipya.

Mshona kola akashangilia, kwa ajili ya mama mlezi. Kisha akazika uso kwenye nywele za mtoto, akakaa hivyo.

"Na kusema, mama? Ameshatamka neno?"

Mama mlezi akainamia sufuria. "Bado, mwanangu."

"Basi na kesho natoka kengele ikilia."