Soma Saa Waliyojibu

"Utafiti wako umekufa, Mwantum."

Dokta Chilongani, msimamizi wake, alimgeuzia kompyuta. Mwantum alikuwa anapima uraibu wa simu kwa wanafunzi wenzake wa chuo, na karibu wote waliojaza dodoso lake walijifanya malaika. Sishiki simu mwalimu akifundisha: kweli kabisa. Naweza kuizima kipindi kizima: bila shida.

"Wamekudanganya mchana kweupe," alisema Dokta. "Sasa utapima nini hapo?"

Mwingine angelia. Mwantum, binti wa Kondoa aliyekulia kwenye duka la mama yake akibishana na wateja wakorofi, alitabasamu tu. Alijua fika kwamba wangedanganya. Mlevi gani anakiri ulevi kwa kuulizwa? Ndiyo maana hakugawa karatasi. Dodoso alilituma kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kwa wakati aliouchagua mwenyewe.

"Majibu yaache, Dokta. Soma saa waliyojibu."

Dokta akavaa miwani. Wote walikuwa wamejibu Jumanne, kati ya saa nne na saa tano asubuhi.

"Walikuwa darasani?" Akacheka mpaka kiti kikalia. "Waongo wakubwa! Wanaapa hawashiki simu, na simu iko mkononi! Umewanasa, binti. Na huyo mwalimu aliyelala usingizi mbele yao ni nani? Kwangu mimi, hakuna anayethubutu kuitoa mfukoni."

Mwantum akafunga zipu ya mkoba wake taratibu.

"Jumanne saa nne, Dokta, huwa tuko na wewe."