Kicheko cha Kiroboto

Kwa miaka tisa Bi Kicheko ndiye aliyemtolea sauti Kiroboto, kijana mtundu wa katuni ya watoto ambaye kazi yake ilikuwa kuwatega watu na kuwacheka. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani na mgongo unaouma, lakini akiingia kwenye chumba cha kurekodia koo lake lilikuwa la kijana wa miaka kumi na minne. Picha hakuoneshwa, na katuni yenyewe hakuwa na desturi ya kuitazama. Alipewa karatasi yenye maneno ya Kiroboto peke yake, na palipoandikwa "anacheka sana," alicheka sana, akanywa maji, akaenda zake.

Mwandishi wa katuni hiyo alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Bi Kicheko ndiye aliyemwombea kazi pale.

Jumamosi moja alikwenda kumjulia hali mama. Alipokata kona alimkuta katikati ya njia, mfuko wa mboga mkononi, na nyuma yake watoto watano au sita wanachechemea kama anavyochechemea yeye, wameshika viuno, wanasema, "Jamani miguu yangu, imenisusa." Kisha wakacheka. Kicheko chenyewe hakikuwa chao. Kilianzia puani, kikapanda, kikaishia kwa kwikwi mbili. Kilikuwa cha Bi Kicheko mwenyewe.

Aliwatimua. Mama akasema awaache, watoto hao. Alipombana ndani, bibi wa watu akakiri kwamba mambo hayo yana miezi miwili, tangu aingie mfagizi mpya kwenye katuni.

Bi Kicheko akawasha televisheni, akasubiri kipindi. Akamwona mfagizi wa shule: kitambaa kimefungiwa juu ya sikio la kushoto, anaburuta mguu mmoja, ndoo ya bluu mkononi. Mama yao alifagia shule miaka ishirini na sita, na ndoo hiyo ndiyo iliyowasomesha wote wawili. Kiroboto akamwaga mafuta sakafuni. Mfagizi akapiga mweleka, sketi ikamfunika uso. Na sauti ya Bi Kicheko ikacheka, ikacheka, mbele ya mama yake aliyekuwa akichambua mboga bila kuinua macho.

Jumatatu alifika ofisini damu inamchemka. Akamtoa mdogo wake kwenye meza ya waandishi mpaka ukumbini. Yule kijana akajitetea kwamba amefanya vile kwa mapenzi, kwamba watazamaji wanampenda mfagizi kuliko wahusika wengine wote.

"Hata Mama mwenyewe alicheka nilipomwonesha."

"Alicheka kwa sababu ulikuwa umekaa karibu naye," Bi Kicheko alisema. "Ungemletea kinyesi cha mbuzi ukasema ni zawadi, angekushukuru. Na mimi ukanifanya nimcheke mama yangu bila kujua. Ndiyo maana unanipa maneno yangu tu."

"Karatasi zako zimekuwa hivyo siku zote, dada."

Hilo lilikuwa kweli, na ukweli wake ukazidi kumchoma. Akamwambia jambo moja: aende akamsindikize Mama sokoni, kwa miguu, bila gari. La sivyo atafute mtu mwingine wa kucheka.

Meneja alikuwa amezisikia kelele. Akatoka, akasema kwa upole kwamba wanavyo vicheko vyake zaidi ya mia tatu kwenye akiba. Kama amechoka, apumzike tu. Bi Kicheko akamjibu avitumie mpaka vioze. Hakurudi tena kazini.

Mdogo wake alikwenda Jumatano. Mama ndiye aliyesimulia, tena bila kinyongo. Watoto walitokea kama kawaida. Kijana akawakaripia, wakakimbia, kisha wakarudi na kicheko maradufu, maana mtu mzima anayefoka barabarani ni kichekesho kikubwa kuliko kikongwe. Akachukua mfuko wa mama yake, akakaza mwendo huku ameinamisha kichwa, mpaka pengo kati yao likawa la hatua ishirini.

"Nikamwita," Mama alisema. "Nikamwambia, mwanangu, punguza mwendo, unaniacha."

Bi Kicheko alikwenda kusimama uani kwa muda, asije akamtukana mtu asiyekuwepo.

Jioni ile mdogo wake akapiga simu. Alisema amemwondoa mfagizi, lakini vipindi vinne vilikuwa vimeshachorwa na meneja amekataa kuvizuia. Akaomba msamaha.

"Mwombe uliyemwacha nyuma njiani," dada yake alisema, akakata.

Vipindi vinne vikarushwa, na vicheko vya akiba ndani yake. Kila Jumamosi Bi Kicheko alifika asubuhi, akamshika mama yake mkono, wakaenda sokoni kwa mwendo wa mguu ule unaoburutwa. Mtoto aliyefumbua kinywa alikutana na macho yake, akakifumba. Mama alimwonya kwamba hasira hizo zitamuua. Akamjibu kwamba bado ana kazi nazo.