Mbwa Hawatembei kwa Rula

Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa mpima ardhi. Kazi hiyo ilinifunza kwamba kati ya alama mbili pana mstari mmoja tu ulionyooka, na kwamba mtu mwenye adabu huufuata. Nilipokabidhiwa jukumu la kumtembeza Jemadari, mbwa wa mjukuu wangu, nilimtembeza kwa kanuni hiyohiyo: kamba fupi, kichwa juu, hatua mia sita kutoka langoni hadi nguzo ya kona, na mia sita kurudi. Kunusanusa nilikukataza. Niliona ni umbea.

Mjukuu huyo, binti wa mwanangu wa kwanza, ana umri wa miaka kumi na mmoja na hajawahi kushika nafasi ya pili darasani. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlea Jemadari, tangu mbwa huyo akinyweshwa maziwa kwa kijiko.

Tatizo lilikuwa moja. Kila tulipokutana na mbwa mwingine, Jemadari alijirusha mbele, akabweka hadi povu likamtoka. Jumatatu alimrarua sikio mbwa wa jirani. Jioni ile mwanangu akatoa hukumu mezani.

"Baba, nimevumilia vya kutosha. Jumamosi natembea nanyi. Akimrukia mbwa yeyote, anarudi kwa aliyetuuzia."

"Na mimi je, baba?" aliuliza binti yake.

"Wewe unabaki. Anayeondoka ni yeye."

Mtoto hakulia. Aliweka kijiko chake sambamba na uma, kama nilivyomfundisha, akaomba ruhusa ya kuondoka mezani. Ningependelea alie.

Kesho yake nilipeleka kiatu kwa fundi viatu, ambaye kibanda chake kimepakana na bucha. Nilikaa kwenye benchi, mguu mmoja umevaa, mwingine ukiwa na soksi tu. Mbele ya bucha walilala mbwa wa mtaani wanne. Mkubwa wao ana jicho moja, na watu humwita Chongo.

Mbwa mgeni, wa rangi ya kahawia, alitokea ng'ambo ya barabara. Nilitarajia vita. Chongo aliinuka, akageuza uso pembeni, akaanza kutembea kwa kuzunguka, kama mtu anayelikwepa dimbwi. Mgeni naye akapinda hivyohivyo, akasimama kunusa ukuta, akapiga mwayo. Walipofikiana walikuwa ubavu kwa ubavu. Wakanusana mikia, kisha kila mmoja akaenda zake.

"Huwa wanafanya hivi kila siku?" nilimuuliza fundi.

"Kila siku, mzee. Hawa hawajasoma, lakini heshima wanayo. Mbwa akimjia mwenzake kifua mbele, moja kwa moja, huyo hajaja kusalimia. Kaja kupigana."

"Wangu hutembea amenyooka."

"Si nakuona! Unampeleka kama mshtakiwa." Alipiga msumari. "Na hiyo kamba unavyoikaza, utadhani ndiyo yenye meno."

Sijazoea kukosolewa na mtu aliyeshika kiatu changu. Hata hivyo, kwa soksi moja nisingefika mbali, na alichosema kilikuwa kweli. Kiatu kilipokamilika nilibaki pale saa nzima nyingine. Mbwa aliyeogopa alipishwa. Aliyetaka kunusa nguzo aliinusa hadi akatosheka. Hakuna aliyemvuta mwenzake shingo.

Siku tatu zilizofuata nilitumia kamba ndefu. Jemadari alinusa kila nguzo, kila jiwe, na gurudumu la baiskeli ya mtu ambaye hatufahamiani naye. Nilisimama nikamsubiri. Lilikuwa jambo gumu kwangu, sitalieleza zaidi.

Jumamosi mwanangu alitufuata nyuma, mikono kifuani. Mjukuu wangu alitembea kando yangu. Tulipokaribia bucha, Chongo alitokea kwenye kona. Jemadari akakaza mwili, manyoya ya mgongoni yakasimama. Mkono wangu ulianza kuvuta kamba wenyewe.

Niliulegeza. Kisha niliacha njia, nikaingia kwenye nyasi, nikapinda kushoto kwa duara pana ambalo lingemtia aibu mpima ardhi yeyote.

Jemadari alimtazama Chongo, akanitazama mimi, akaitazama kamba iliyolegea. Akageuza uso, akanusa ardhi. Chongo akaja kwa upande. Walinusana kwa muda niliouona mrefu mno, kisha Chongo akarudi kulala karibu na miguu ya fundi viatu, ambaye hakuinua kichwa.

"Tutaona na Jumamosi ijayo," alisema mwanangu.

Sikumlaumu. Ukali huo nilimlea nao mimi mwenyewe. Lakini alinyoosha mkono akaiomba kamba, na kwenye mti uliofuata Jemadari aliposimama, naye alisimama.

Mjukuu wangu akanishika mkono. "Babu, leo tumetembea hatua ngapi?"

"Sikuhesabu," nilimjibu.