Nyekundu Chini ya Nyeupe

Brashi ilikwisha kuchovywa, rangi nyeupe ikamdondokea Lothar kiatuni tone baada ya tone, na bado mkono wake ulikataa kupanda. Mbele yake, ukutani mwa saluni moja ya Rosettenville, Johannesburg, lilikuwapo jina alilolichora mwenyewe miaka sita iliyopita: CÉLESTINE, herufi nyekundu zenye kivuli cheusi, na juu ya E ya kwanza kimkwaju kidogo cha Kifaransa, ambacho kwa majivuno yake alikipaka dhahabu.

"Papa Lothar, umelala wima?" aliuliza Célestine mwenyewe, amesimama mlangoni, kitana kimechomekwa nyweleni. "Futa, uandike jina la wenyeji, Nomsa. Jumamosi haiko mbali."

Kwa Jumamosi hiyo yalikuwa yametangazwa maandamano ya kuwafukuza wageni. Wiki ile Lothar alikuwa amefuta majina manne mtaani. Évariste fundi cherehani alikuwa sasa Sipho. Duka la Bakiri lilibaki halina jina kabisa. Aliyafuta bila neno, maana ndivyo alivyofanya kazi maisha yake yote: mwenye ukuta akisema, mchoraji huchora.

Alitoka Ujerumani akiwa kijana wa miaka ishirini na minne, amefundishwa mabango ya sinema, na Johannesburg ikampa kuta zake. Alichora sabuni, alichora sigara, alichora bia yenye povu ambalo watu walilimezea mate wakiwa ndani ya basi. Dada yake alipomwandikia kumuuliza ni lini atachora picha zake mwenyewe, alimjibu kwamba zake huonwa na watu elfu kila asubuhi. Kisha zikaja mashine za kuchapa na plastiki zao, kuta zikamponyoka moja moja, akabakiwa na vinyozi na saluni. Akabakiwa na Kiswahili pia, alichofundishwa na marehemu mkewe, Rosalia wa Morogoro.

"Hili silifuti," alisema.

Célestine akacheka, akidhani ni utani wa kizee. Alipoona uso wa mwenzake haucheki, akakichomoa kitana nyweleni.

"Mwaka themanini na moja," Lothar aliendelea, macho yakiwa ukutani, "nilipewa vibao arobaini vya mabenchi ya bustani. Niandike 'Wazungu Tu.' Nikaandika. Herufi zilinyooka, nikasifiwa. Sikuuliza kitu. Nimechoka kuandika kila ninachoambiwa."

"Eish! Kwa hiyo toba yako umekuja kuifanyia kwenye ukuta wangu?" Célestine alishuka kizingiti. "Wewe mgeni, na mimi mgeni. Lakini nani amewahi kukuomba kitambulisho barabarani, papa? Mimi wameniomba mikono ikiwa imejaa mafuta ya nywele. Ushujaa uwe wako, madirisha yatakayovunjwa yawe yangu!"

Lothar aliinama, akafungua kopo jingine, dogo, lenye rangi ya fedha.

"Na hiyo ya nini?"

"Ya kuziba. Nyekundu hii ni ya kizamani, ya mafuta. Ukiifunika kwa nyeupe peke yake, hupenya. Polepole, lakini hupenya."

Célestine alilitazama jina lake, kuanzia C hadi E ya mwisho.

"Kwa siku ngapi?"

"Mvua tatu. Pengine nne."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi itakuwa nyeupe pe."

Mwanamke yule alichukua kifuniko, akakirudisha juu ya kopo la fedha, akakikanyaga kwa kisigino mpaka kikakaa.

Lothar akapaka nyeupe. Alipomaliza aliuliza hiyo Nomsa iandikwe kwa rangi gani.

"Usiandike. Kunyamaza nimekubali. Kujiita mtu mwingine, hapana."

Jumamosi, kabla wateja hawajafika, Lothar aliingia saluni na kukalia kiti kilicho karibu na barabara.

"Kipara kinataka nini hapa?" Célestine akauliza.

"Kinasubiri rangi ikauke."

"Kaa basi. Lakini usinizibie mlango."

Waandamanaji walipita kwa nyimbo na vishindo. Mmoja, mwenye rungu, alisimama mbele ya ukuta mweupe akitafuta cha kusoma. Akautazama mlango, ulikuwa wazi. Akavitazama vidole vya Célestine, navyo vilikuwa vikisuka kichwa cha Denise, mteja wa kwanza, wala havikusita hata kwa msuko mmoja. Akamtazama mzungu mwenye kipara, naye mzungu akamtazama. Rungu liligonga ukuta mara moja, plasta ikabanduka kidogo, mtu akaenda zake.

Mvua ya kwanza haikuleta kitu. Baada ya ya tatu, Lothar akipita na begi lake la brashi, aliona wekundu umeanza kuiva juu ya nyeupe: C kwanza, kisha herufi nyingine zikifuata, hafifu, kama mashavu ya mtu aliyetoka kukimbia.

Célestine alikuwa amesimama hapo, mikono kiunoni, akizihesabu.

"Zote zimerudi," alisema. "Kimkwaju changu kiko wapi?"

"Dhahabu haipenyi. Haiwezi kurudi yenyewe."

Célestine aliingia ndani, akatoka na stuli. Akaitua chini ya ile E ya kwanza, akachuchumaa, akaishika miguu ya stuli kwa mikono miwili ili isiyumbe.

"Panda," alisema.